Oda Thelathini kwa Siku Tatu

Kila asubuhi mambo yangu huenda hivi. Nakunywa kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu. Natundika kitambaa chekundu kwenye chuma cha roshani. Nasubiri mashine ya fundi wa chini itulie. Ikishatulia naingia kabatini, nafunga mlango, nawasha maiki, na kusema kwa upole: "Asante kwa kupiga simu."

Jumanne hiyo niliishia kwenye "Asante kwa ku..."

Simu ikalia. Ting! Nikanyamaza, nikaanza upya. Ting! Nikaanza mara ya tatu. Ting, ting, ting, ting!

"Wewe!" Mama aliniita kutoka jikoni. "Hiyo simu yako imeshikwa na kwikwi?"

Nilifungua mlango wa kabati, gauni la Mama likiwa begani kama kilemba kilichoanguka, nikaishika simu. Zilikuwa oda. Kumi na moja. Nilipokuwa bado nazihesabu zikawa kumi na nne.

Kama unakutana nami leo kwa mara ya kwanza, kaa nikueleze. Mimi nauza sauti. Ukipiga simu kwenye zahanati au ofisi fulani, ukasikia dada mpole anakuambia ubonyeze moja kwa hili na mbili kwa lile, huenda dada huyo ni mimi. Nina duka langu kwenye soko la mtandaoni. Mteja ananiandikia maneno, nayasoma, namtumia. Chuoni nilisomea utangazaji, lakini redioni sikufika, maana mbele ya watu natetemeka mpaka karatasi inasikika. Kabatini, katikati ya makoti, sitetemeki.

Hiyo ndiyo kazi. Sasa ugonjwa.

Siwezi kumkatalia mtu. Neno lenyewe la kukatalia likifika kooni linageuka, linatoka "sawa". Wiki iliyopita niliwasimulia jinsi oda zilivyoanza kunizidi, nami, kwa kuogopa kumkatalia mtu, nikapandisha bei ili wateja wakimbie wenyewe. Hawakukimbia. Walisema dada huyu lazima ni hodari, ndiyo maana ni ghali. Wakaongezeka.

Basi Jumatatu jioni nikagundua ukurasa wa mipangilio ya duka ambao sikuwahi kuufungua. Una visanduku viwili. Kimoja unaandika oda utakazopokea kwa wakati mmoja. Kingine, siku utakazohitaji kuzimaliza. Nikafurahi peke yangu. Nitapokea oda tatu tu, nikajiambia, na nitaomba siku thelathini. Nani atasubiri mwezi mzima ili aambiwe abonyeze moja? Wataondoka kwa hiari yao, na mimi sitakuwa nimemnyima mtu kitu.

Nikaandika, nikahifadhi, nikalala kama mtoto aliyeshiba.

Nilitaka oda tatu kwa siku thelathini. Nilichoandika ni oda thelathini kwa siku tatu.

Na soko lilivyo na furaha, likanichukua na kunibandika ukurasa wa mbele, picha yangu ya aibu kabisa, chini ya maneno makubwa: Muuzaji Mwepesi wa Wiki.

* * *

Ilipofika saa sita mchana simu ilinyamaza yenyewe. Duka lilikuwa limejaa. Oda thelathini, zote zikitakiwa ifikapo saa sita mchana siku ya Ijumaa.

"Zirudishe," Mama alisema. "Waambie ulikosea."

"Haziwezi kurudishwa, Mama. Nimesoma masharti. Duka la ukurasa wa mbele likichelewesha oda hata moja, linafungwa."

"Linafungwa siku ngapi?"

"Linafungwa. Basi."

Mama alikaa kwenye kiti cha jikoni. Anajua duka lile ni nini kwangu. Ni kazi pekee niliyowahi kuifanya bila kulia bafuni wakati wa mapumziko.

"Piga simu kwenye hilo soko," alisema. "Zungumza na mtu."

Kuzungumza na mtu ndicho kitu ambacho mimi huzunguka mitaa mitatu kukikwepa. Lakini nilipiga moyo konde, nikapiga na simu.

Iliita mara mbili. Ikapokelewa.

"Simu yako ni muhimu sana kwetu," sauti laini ilisema. "Tafadhali endelea kusubiri."

Niliitoa simu sikioni, nikaitazama.

"Nani huyo?" Mama aliuliza.

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi, Mama. Ni sauti yangu. Miezi miwili iliyopita kuna wakala alinunua maneno haya, hakuniambia ni ya nani."

"Na unasemaje?"

"Nasema nisubiri."

Mama aliichukua simu, akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Lakini unajua kumsubirisha mtu. Hata mimi ningesubiri."

Nilijisubirisha dakika arobaini. Kila nilipotaka kukata nilijiambia mwenyewe kwamba mimi ni muhimu sana, nikaona aibu kukata. Mwishowe Mama alinipokonya simu, akakata yeye.

"Ingia kabatini," alisema. "Hakuna mtu upande wa pili."

* * *

Kabla ya kabati ilinibidi nishuke kwa fundi.

Fundi wa chini anashona nguo kwenye chumba kilicho sawasawa chini ya chumba changu. Mashine yake ni ya chuma, ya zamani, na ikinguruma mtetemo wake unapanda ukutani mpaka kabatini. Kazi ya kwanza niliyowahi kumtumia mteja, aliniuliza kwa heshima kama nilikuwa nasoma nikiwa juu ya treni. Siku ile nilishuka, nikasimama mlangoni kwa fundi dakika kumi nikishindwa kufungua kinywa, mpaka yeye mwenyewe akasema, "Dada wa juu, tunapunguza au tunaongeza?"

Nilipomweleza, hakucheka. Alichukua kipande chekundu kilichobaki kwenye kazi ya mtu, akakipinda pembe zote nne, akakipiga pasi, akanipa.

"Kikiwa nje, nimenyamaza," alisema. "Kikiingia ndani, nanguruma. Haina shida."

Hilo ndilo neno lake. Ukimkanyaga, haina shida. Ukichelewa kufuata nguo miezi miwili, haina shida. Tangu siku hiyo kitambaa kilikaa nje nusu saa kila asubuhi, na hatukuwahi kukosana.

Jumanne nilishuka nikakaa kwenye ngazi ya mwisho.

"Dada wa juu," alisema bila kuinua macho kwenye mkasi. "Mbona umekaa kama mgeni?"

"Ni kuhusu kitambaa, fundi."

"Kimechanika? Lete nikitie mshono."

"Ni kizima. Ila siku hizi tatu kitakaa nje... kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Asubuhi. Na ile sehemu inayofuata baada ya asubuhi."

Alicheka. Ana mwanya, fundi, na akicheka unajikuta umesahau ulichokijia. "Mpaka lini?"

"Mpaka Ijumaa, saa sita mchana."

Hapo macho yake yalikwenda mezani. Kulikuwa na rundo la kitambaa cheupe, limekatwa tayari, limefungwa mafungu mafungu. Macho yalikaa pale kidogo, kisha yakanirudia.

Ninaungama hapa, kwa sababu sijamwambia mtu mwingine: niliyaona macho yale. Niliona yalikokwenda na niliona yalivyorudi. Nikatazama ndala zangu.

"Haina shida, dada," fundi alisema, akaifunika mashine kwa shuka.

* * *

Jumanne nilirekodi saba. Jumatano tisa.

Msinione mvivu. Saa kumi jioni bendi iliyopanga ukumbi wa mtaa wa pili huanza mazoezi mpaka usiku, na ngoma yao kubwa inafika kabatini kabla ya maiki kuwashwa. Halafu koo nalo ni koo. Jumatano mchana sauti ilianza kukwaruza kama mlango wa stoo.

Juu ya hayo yote kulikuwa na Bwana Magodoro. Wasomaji wa wiki iliyopita mnamkumbuka: mwenye duka la magodoro, aliyenirudisha mara kumi na moja kwa sentensi ya maneno saba. Naye alikuwa miongoni mwa wale thelathini.

"Nzuri," aliniandikia. "Ila ongeza tabasamu."

Niliongeza.

"Limezidi. Mteja ataamka. Nataka tabasamu la mtu anayesinzia."

"Mwambie tabasamu limekwisha," Mama alisema akinichungulia begani. "Limebaki la akiba, la misiba."

"Sawa, bosi," nikaandika.

Alhamisi asubuhi nilifungua kinywa, kikatoka kitu kama upepo wa tairi. Nilikaa kitandani machozi yakinilengalenga. Oda kumi na nne bado.

Mama akavua aproni.

"Nipishe," alisema.

Lazima niwaambie kwamba Mama alikuwa mpokea simu wa hospitali miaka ishirini na minane. Na kwenye simu, sauti yake na yangu hakuna awezaye kuzitenganisha. Shangazi amewahi kunieleza siri zake zote za ndoa akidhani anaongea na wifi yake, nami kwa aibu nikasikiliza mpaka mwisho.

Aliingia kabatini na miwani yake. Nilimpa maneno ya daktari wa meno, nikaenda kusukutua maji ya chumvi. Kutoka bafuni nilimsikia.

"Umepiga simu kliniki ya meno. Kuweka miadi, bonyeza moja. Kama jino linauma sana, wala usibonyeze kitu, mwanangu, njoo tu. Na usiweke karafuu, utaunguza ufizi."

Nilitoka mbio, povu la chumvi mdomoni. "Mama! Hayo hayajaandikwa!"

"Najua hayajaandikwa. Aliyeandika haumwi jino."

"Tutarudia."

"Tutarudia nini? Nimeshabonyeza hicho cha kijani."

Nilishika kichwa. Kilikuwa kitufe cha kutuma.

Tulikaa pamoja ukingoni mwa kitanda tukiitazama simu. Hazikupita dakika kumi, daktari wa meno akajibu. Nilimpa Mama asome yeye, mimi nikafunika uso kwa mto.

"Anasema," Mama alisoma polepole, "mpokezi wake amelia kwa furaha. Anasema ndiyo sauti waliyokuwa wakiitafuta. Anaomba ndani ya oda hii hii umwongezee ya wakati wa kusubiri, ya sikukuu, na ya wanaoogopa sindano. Zote ziwe hivyo hivyo, za kimama."

"Mama, umeniongezea kazi."

"Nimekuongezea mteja. Usichanganye."

Lakini alirudi kabatini. Alisoma mpaka saa kumi, na maneno yaliyokuwa kwenye karatasi safari hii aliyafuata, isipokuwa mahali pawili. Bendi ilipoanza kupiga, zilikuwa zimebaki oda tano.

* * *

Ijumaa asubuhi sauti yangu ilirudi, nyembamba lakini yangu. Kufikia saa nne na nusu nilikuwa nimemaliza mbili. Bado tatu. Saa moja na nusu mbele yangu, na tatu zilizobaki zote fupi, pamoja na Bwana Magodoro na tabasamu lake la usingizi.

Nilitoka kabatini nikicheka peke yangu. Nilijiona nimefika.

"Kijana wa chini anakula nini siku hizi?" Mama aliuliza ghafla. Alikuwa akikuna nazi, mgongo wake kwangu. "Siku tatu mashine naisikia jioni tu, tena kidogo."

"Alisema haina shida."

"Ahaa," Mama alisema, akaendelea kukuna.

Ile "ahaa" ilinichoma. Nikachukua chupa ya chai na vikombe viwili, nikajiambia nakwenda kumshukuru tu, huku napumzisha koo.

Mlango wa fundi ulikuwa wazi. Mashine ilikuwa imefunikwa shuka lake. Yeye alikuwa ameketi sakafuni kwenye mkeka, miguu imekunjwa, gauni jeupe mapajani. Alikuwa anashona kwa mkono. Mshono mrefu wa ubavuni, tundu kwa tundu, kwa sindano. Vidole vitatu alikuwa amevifunga plasta.

"Fundi," nilisema. "Mashine imeharibika?"

"Karibu, dada. Nzima kabisa."

"Sasa mbona..."

Alinyanyua sindano juu kidogo, kana kwamba ananitambulisha kwake. "Hii haina kelele."

Chupa ya chai ilinizidi uzito. Nilitaka kusema kitu, lakini ngazi za nje zilisikika zikipigwa na viatu vya kisigino, viatu vya mtu mwenye madai. Nilivyo mimi, mnanijua. Nikaruka nyuma ya pazia la kujaribia nguo, na chai yangu.

"Fundi!" Ilikuwa sauti ya mwanamke mkubwa. "Nimesema nipite nione mwenyewe. Magauni ya wauguzi ishirini na manne. Nionyeshe ishirini na manne."

"Karibu, matroni. Yapo kumi na matano."

"Mengine yako wapi?"

"Yanakuja."

"Yanakuja yanatoka wapi, ng'ambo? Na mbona unashona kwa mkono kama bibi harusi anayetarizi mito? Hiyo mashine ni ya kushonea au ya kuwekea maua?"

"Nitamaliza, matroni."

"Gari la zahanati linakuja saa nane. Likipungua gauni moja, kazi nampa mwingine, na ya mwaka mzima nampa huyo huyo. Nimekupenda kwa mkono wako, fundi, lakini wauguzi wangu siwezi kuwavalisha upendo."

"Haina shida, matroni."

"Ina shida!" matroni alifoka. "Hebu nione hayo yaliyokwisha. Umeyatundika huku?"

Akavuta pazia.

Tulitazamana. Mimi na chupa ya chai, vikombe viwili kifuani.

"Na hili," matroni alisema, "ndilo la kumi na sita?"

* * *

Sikumbuki nilivyopanda ngazi. Nakumbuka nilikwenda moja kwa moja roshanini, nikakivuta kitambaa chekundu, nikaingia nacho ndani.

Mama alikuwa mlangoni pa jikoni. "Umemaliza?"

"Bado tatu."

"Saa ngapi?"

"Saa tano na dakika tano."

Alikitazama kitambaa mkononi mwangu. Hakuniuliza tena. Nilikiweka mezani, nikakaa, nikasubiri mashine ingurume. Nilijua ikianza haitasimama mpaka saa nane, na saa sita ingepita juu ya oda zangu tatu, na duka langu lingefungwa na picha yake ya aibu. Nilikuwa nimeshaamua. Nilitaka tu ingurume haraka, nisipate nafasi ya kujuta.

Haikunguruma.

Dakika tano. Dakika nane. Kimya, kile kile nilichokuwa nikikiomba kila asubuhi.

"Hodi!"

"Karibu," Mama alijibu.

Fundi aliingia na futi yake shingoni, nyuzi nyeupe kwenye suruali, na magoti yana vumbi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimeona kitambaa hakipo, nikadhani upepo umekiangusha. Nimekitafuta uani, mpaka chini ya pipa la maji."

Kisha akakiona mezani.

"Hakikuanguka," nilisema.

"Umemaliza, dada?"

"Nimemaliza."

"Muongo," Mama alisema. "Bado tatu, na saa sita mchana wanamfungia duka."

Ilikuwa mara ya kwanza fundi kusikia habari ya kufungiwa duka, maana mimi sikuwa nimemwambia. Uso wake ulibadilika. Alikisogeza kitambaa upande wangu kwa kidole chenye plasta.

"Tundika, dada."

"Shona, fundi."

"Mimi nina sindano. Tundika."

"Una magauni tisa na gari linakuja saa nane. Nimesikia. Nilikuwa pale kwenye pazia."

"Nimekuona. Haina shida."

"Hata kwangu haina shida."

"Kweli, haina..."

Mama alipiga mwiko kwenye sufuria. Tulishtuka wote wawili.

"Miaka ishirini na minane nimepokea simu hospitali," alisema. "Nimepigiwa na mtu mguu umevunjika mara mbili, ananiambia samahani kwa usumbufu, mama, nimejikwaa kidogo. Nilidhani nimesikia yote. Kumbe sijawasikia nyie. Haina shida, haina shida! Vidole vimetoboka, duka linafungwa, haina shida! Mmoja wenu aniambie kitu anachokimaanisha, kimoja tu, kabla nazi yangu haijachacha."

Fundi aliangalia sakafu. Mimi niliangalia ndala zangu, zile zile nilizoziangalia Jumanne.

"Tundika tu, dada," alisema taratibu.

"Hapana."

Lilitoka lenyewe. Halikutetemeka. Lilitoka kwa sauti ya kabatini, ile ninayoiuza.

Mama aliuweka mwiko chini. "Sikusikia vizuri," alisema, ingawa alisikia. "Rudia."

"Hapana," nilisema. Machozi yalikuwa yameshaanza, lakini sauti haikuyajali. "Sitatundika. Jumanne niliyaona macho yako yakienda kwenye rundo lile, fundi. Niliona, nikajifanya sikuona. Duka likifungwa, lifungwe. Shuka ushone."

Fundi hakushuka. Alivuta kiti, akakaa bila kukaribishwa, jambo ambalo hajawahi kulifanya nyumbani kwetu. Akaivua futi shingoni, akaanza kuizungushia kidoleni, akaizungusha yote mpaka ikaisha.

"Ina shida," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Mama naye alisogea hatua moja.

"Ina shida, mama. Tena si ya leo, na si ya magauni." Akaanza kuifungua futi kidoleni. "Kuna karakana ng'ambo ya mji. Mashine tatu mpya, hazina kelele hata kidogo. Wananitaka niwe fundi mkuu. Wameniita tangu mwezi uliopita, wamepiga simu mara nne. Leo asubuhi wamesema nisipowajibu leo, wanachukua mwingine."

"Kazi nzuri?" Mama aliuliza.

"Nzuri sana."

"Mbali?"

"Mbali. Ningehamia huko huko."

"Basi mwezi mzima ulikuwa unangoja nini, baba?"

Kabatini simu ililia. Ting! Bila shaka Bwana Magodoro. Hakuna aliyeinuka. Saa ya ukutani ilikuwa saa tano na dakika ishirini na mbili.

Fundi alinyoosha mkono, akakichukua kitambaa chekundu, akapapasa pindo moja, kisha la pili, yale aliyoyashona mwenyewe siku ya kwanza. Alipoinua uso hakumtazama Mama. Alinitazama mimi.

"Huko," alisema, "hakuna wa kunitundikia kitambaa."